Sanduku Lenye Herufi K

Baraga, Michigan
14 Agosti 1994

Mdogo wangu Arvo,

Huku tu wazima, ukiliacha bega langu, ambalo nitalifikia. Mama ametimiza themanini na sita Jumatano iliyopita. Alikula vipande viwili vya nisu, mkate wetu mtamu, akalalamika kwamba kahawa yangu ni maji, kisha akaniuliza kama umeandika. Nikamwambia umeandika. Usinifanye mwongo tena mwakani. Beri za buluu zimezaa sana, ila dubu wametutangulia. Mbao za sauna, kibanda chetu cha kuogea mvuke, upande wa kaskazini zimeoza na Urho ameahidi kuja kuzibadilisha. Unazijua ahadi za Urho: anazitimiza, lakini na hotuba juu yake.

Sasa bega. Ulisikia kwamba niliteleza kwenye barafu mwezi wa tatu. Sikukuambia kwamba mwezi wa sita walinipasua. Daktari ametia skrubu mbili, akanipiga marufuku kuigusa bunduki kubwa ya marehemu mume wangu. Teke moja tu la ile bunduki, akasema, na tutaonana tena hapa mezani. Nikamuuliza nyama ya msimu wa baridi nitaitoa wapi. Akacheka, kijana wa Detroit yule.

Kwa hiyo nimeishusha ukutani bunduki ndogo ya baba, ile ya mbili-mbili-tatu. Haina teke la kusema, hata mama angeipiga. Kikwazo ni Urho. Mtoto wa shangazi tu, lakini tangu awe mkuu wa kambi ya uwindaji anajifanya baba wa wote, na amri yake unaikumbuka: tangu kulungu wa baba, bunduki ya tundu dogo haiingii kambini. Nimembembeleza wiki mbili. Amekubali mwaka huu niende nayo, kwa sharti. Nikijeruhi mnyama akatutoroka, nifungashe vitu vyangu na nisirudi. Alisema hivi, akimtaja baba, na uso wake haukuwa wa mzaha: "Ikitokea tena kama ya mjomba Onni, Lempi, mimi na wewe hatujuani."

Watoto wangu wako mbali na sina mtu mwingine wa kuniwindia. Kambi ile ndiyo nyama yangu, na ndiyo wiki pekee katika mwaka ninayocheka mpaka mbavu ziume. Ndiyo maana nakuuliza wewe. Mwaka sabini na moja mimi nilikuwa nyumbani na watoto, wewe ulikuwa na baba msituni. Yule kulungu aliyehangaika siku mbili na jeraha, kosa lilikuwa la nini? Kama ni bunduki, niirudishe ukutani nikae na mama. Kama ni mkono wa baba, wangu hautetemeki. Kama ni risasi, niambie ni ipi, nisiiguse.

Msimu unafunguliwa tarehe kumi na tano Novemba, kama siku zote. Usinikawize.

Dada yako,
Lempi


Globe, Arizona
11 Septemba 1994

Dada Lempi,

Barua yako ilinikuta na afya, na aibu kidogo kwa ajili ya siku ya mama. Mbusu kwa niaba yangu, mwambie nilikuwa zamu mbili mfululizo. Huku bado ni joto la kukaanga yai juu ya boneti ya gari. Binti yetu Karin ameanza chuo Tucson na nyumba imekuwa kimya, mke wangu Dolores anapika tamale za watu wanne tukala wawili kwa siku tatu. Pole sana kwa bega. Ungeniambia mwezi wa sita ningekuja.

Kuhusu bunduki, ushauri wangu ni mfupi: achana na ile ya baba. Ni ndogo mno kwa kulungu, na wewe una macho ya miaka hamsini na sita. Mimi ninayo ya mbili-arobaini na tatu ambayo siitumii. Nitaituma kwenye duka la bunduki la hapo mjini, utaichukua kwa karatasi zako. Teke lake si kubwa.

Kuhusu ile siku sina la kuongeza. Mkono wa baba ulikuwa umeshachoka kwa miaka ya kushika mashine ya kutoboa miamba, na kila mtu aliuona ukitetemeka. Alifyatua, ikaenda vibaya. Sioni faida ya kufukua.

Je, theluji imeanza? Watu wa huku hawaniamini nikiwasimulia.

Mdogo wako,
Arvo


Baraga
25 Septemba 1994

Arvo,

Mama anakushukuru kwa busu. Amelipokea, akauliza ni lini utalileta mwenyewe. Theluji bado, lakini asubuhi maji ya ndoo yanashika ukoko. Urho amemaliza sauna. Hotuba ilichukua saa moja na nusu na ilihusu misumari.

Usingekuja mwezi wa sita. Tuyaache hayo. Na bunduki yako kaa nayo, nilimtajia daktari akatikisa kichwa.

Umesema mkono. Sawa, lakini mimi si mtu wa kuambiwa tu. Nililoweka magazeti ya mwaka mzima kwenye beseni la kufulia, nikayafunga marobota, nikayapanga shambani hatua themanini, nikalala kifudifudi na mto chini ya bega kama malkia. Muuza duka alikuwa ameniuzia risasi ndefu za uzito wa greni sabini, akaapa kwamba nzito ndiyo bora. Kwenye karatasi zilitoboa matundu marefu kama ya ufunguo. Zilikuwa zinafika ubavuubavu, Arvo. Mifereji ndani ya mtutu wa baba imesokotwa taratibu, mzunguko mmoja kwa inchi kumi na mbili, haiwezi kuizungusha risasi ndefu ikatulia hewani. Hizo nimemrudishia, pamoja na maneno machache.

Halafu nikaenda kwenye kabati la baba. Nimekuta masanduku mawili ya risasi alizozijaza baruti mwenyewe, yote mawili yameandikwa Oktoba 1971. Moja lina herufi K kifunikoni, lingine lina P. Nikapiga moja ya P: imepita robota zima ikatokea nyuma. Nikapiga moja ya K, na hapo nikakaa chini. Imechimba shimo pana kama bakuli, kina cha vidole viwili, kisha ikawa unga. Ganda lake ni jembamba kama karatasi ya peremende. Imetengenezwa ipasukie juu ya mnyama mdogo, na juu ya bega la kulungu itamchana nyama tu na kumwacha akimbie.

Wewe hukujifunza Kifini. Mwalimu alikuwa ameshanichapa mimi vya kutosha kwa kukizungumza shuleni, na mama akaamua wewe wa mwisho uzungumze Kiingereza basi. Kwa hiyo ngoja nikueleze. K ni kettu, mbweha, wale waliokuwa wakimaliza kuku wetu. P ni peura, kulungu. Sanduku linabeba ishirini. Kabla sijazigusa, P zilikuwa zimetimia ishirini. K zilikuwa kumi na tano. Magazini ya bunduki ile, pale risasi zinapopangwa, inachukua tano.

Ningeweza kumwambia Urho leo. Najua atakachojibu: mzee alijichukulia sanduku lisilo lake kwa sababu macho na akili vilikuwa vinamwisha. Nani atambishia? Mimi sikuwepo.

Sasa nina maswali mawili. Zile za P zina miaka ishirini na tatu na baruti yake siiamini, niambie ipi ya dukani inafanana nazo. Na la pili: asubuhi ile nani alijaza magazini ya baba?

Lempi


Globe
23 Oktoba 1994

Dada,

Nisamehe kwa kukawia, wametubadilishia zamu tena, nalala mchana na kichwa kimejaa vumbi. Dolores anakusalimu. Karin amepata alama nzuri za hesabu, hakurithi kwangu. Nafurahi kwamba sauna imepona.

Swali lako la risasi ni zuri na nimelifikiria sana. Chukua ya greni sitini, ile yenye ukuta wa shaba katikati ya kichwa chake. Sehemu ya mbele inafunguka ikigonga, ya nyuma inabaki nzima na kuendelea kwenda ndani. Urefu wake mtutu wa baba utauweza. Usikubali chochote kilichoandikwa kwamba ni cha wanyama waharibifu, hata kama sanduku lina picha ya kulungu anayecheka. Zijaribu mpaka tano zitue ndani ya kifuniko cha kopo la kahawa.

Pa kulenga ni mbavuni, nyuma kidogo ya mguu wa mbele. Usiuguse mfupa wa bega. Akikuelekezea kifua mwache, akiwa mbali zaidi ya yadi mia mwache, akiwa anatembea mwache. Risasi ndogo inafanya kazi yake yote ukiwa na subira, na haifanyi hata nusu ukiwa na haraka. Na zijaze ukiwa bado ndani, karibu na jiko. Nje vidole vinakufa ganzi. Baba hata ndani ya kibanda hakuweza kusukuma moja kwenye magazini, ile chemchemi yake ni ngumu.

Hayo mengine yamepita, Lempi. Baba amelala miaka ishirini na mmoja. Acha apumzike.

Arvo


Baraga
30 Oktoba 1994

Arvo,

Mama ana kikohozi lakini anakula. Theluji imeshika, inchi nne. Nimepata risasi ulizosema, na tano zangu zimetua kwenye kifuniko cha kopo, nne zinagusana. Asante. Hakuna mtu katika ukoo huu anayejua risasi kama wewe, na hilo ndilo linaloninyima raha.

Umeandika kwa mkono wako kwamba baba hakuweza kusukuma hata moja kwenye magazini. Nimeisoma sentensi hiyo mara kumi. Basi nani alizisukuma zote tano?

Wewe uliondoka mwezi wa kwanza, kwa hiyo ngoja nikusimulie usichokiona. Unajua pale kambini anayekosa shabaha anakatwa pindo la shati, linapigiliwa ukutani na jina lake na mwaka, na watu wanamcheka mpaka chakula kinapoa. Yako mapindo zaidi ya arobaini, mawili ni yangu, na kila moja lina utani ulioandikwa chini. La baba halina utani. Limeandikwa Onni 1971 basi, kwa sababu siku ile hakuna aliyecheka. Kitanda chake wakampa mtu mwingine. Msimu uliofuata, wanaume walipokuwa wakipakia magari, alisimama kwenye ngazi ya sauna na kofia yake nyekundu kichwani, akasimama hapo mpaka gari la mwisho likaondoka, ndipo akaivua. Mwezi wa tatu tukamzika. Mimi ndiye niliyeona hayo, wewe ulikuwa unachimba shaba jangwani.

Sitaki kukutesa. Nataka neno lako kwenye karatasi, na jina lako chini yake, kabla sijaingia kambini tarehe kumi na nne. Nitapanda kiti kile kile cha baba juu ya mti, na bunduki ile ile, Arvo, na wanaume kumi na mmoja watakuwa wakisubiri kusikia nimeharibu kama baba. Ningependa kupanda huku wanajua baba hakuharibu.

Lempi


Globe
6 Novemba 1994

Dada Lempi,

Leo sina habari za nyumbani. Dolores yuko kanisani na mimi niko hapa mezani tangu asubuhi.

Ni mimi. Mimi ndiye niliyejaza.

Baba aliniambia nichukue sanduku la kulungu kwenye mkoba wake. Alikuwa anafunga viatu, mikono yake ilikuwa mibaya siku ile. Yalikuwemo masanduku mawili, alibeba na ya mbweha kwa ajili ya kurudi, unajua alivyokuwa. Nikaona K na P. Unakumbuka mama alivyokuwa akiniita nilipokuwa mdogo, kwa ajili ya miguu yangu mirefu? Kauris. Niliwahi kumuuliza maana yake, akasema ni kulungu, mdogo, mwenye mbio. Hilo ndilo neno la Kifini nililolijua kuliko yote, kwa sababu lilikuwa langu. Nikaona K nikasema moyoni, kauris, hili hapa. Hata sikusita. Nikajivuna kwamba kwa mara moja sikuhitaji kutafsiriwa. Nikasukuma tano, nikamkabidhi bunduki.

Sikujua mpaka siku ya pili. Tulifuata damu siku nzima, ikakatika, tukaipata tena. Tulipomkuta alikuwa hai, bega limechanika pana na ndani hakuna kitu. Urho alimmaliza. Mimi nilikuwa nimeshajifunza risasi vya kutosha kulijua jeraha lile. Nikarudi kibandani peke yangu nikalitazama sanduku. Alikuwepo mzee Kusti akimenya viazi, nikamuuliza kama kwa mzaha, mbweha mnamwitaje? "Kettu," akasema. "Kwani vipi?" Nikasema hakuna kitu.

Wakaingia. Urho akasema mbele ya wote kwamba mkono wa mjomba umekwisha na mtu mwenye heshima angejua mwenyewe wakati wa kuacha. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilifungua mdomo, Lempi, naapa niliufungua. Kisha nikamwona baba akiitazama mikono yake, akiigeuza huku na huku, na nikaona ameamini. Nikajiambia basi, ameshakubali, nikisema sasa nitaongeza aibu juu ya aibu. Nilijiambia hivyo kwa sababu nilikuwa mwoga. Mwezi wa kwanza nikapanda basi. Nilidhani nitaandika nikifika. Alipokufa nilidhani imeshachelewa, na tangu hapo kila mwaka imezidi kuchelewa.

Nilikuambia ni mkono wake. Mwezi wa tisa, mwaka huu, nilikuandikia tena uongo ule ule. Hilo linanitia haya kuliko lile la kwanza.

Msomee Urho. Wasomee wote. Jina langu nimeliandika kamili.

Arvo Onni Rautio


Baraga
20 Novemba 1994

Mdogo wangu Arvo,

Barua yako ilifika Jumamosi ya tarehe kumi na mbili. Niliisoma nimesimama barazani na koti mwilini. Huku theluji imefika magotini, kikohozi cha mama kimepungua, na kwenye ubao wa kambi wameandika kulungu saba kwa wawindaji kumi na wawili.

Nitaanza na wangu. Siku ya kwanza alipita dume mmoja anatembea, nikamwacha. Siku ya pili akaja jike, akanielekezea kifua kwa dakika kumi nzima kama anayepigwa picha, nikamwacha, na usiku Urho akaniuliza kama nimeenda kuwinda au kuwahesabu. Siku ya tatu saa mbili asubuhi alitoka kwenye misonobari dume wa pembe zenye ncha nane, hatua hamsini na tano, akasimama ubavu. Nilitetemeka, Arvo, mkono wangu huu nilioringia. Nikavuta pumzi mpaka ukatulia. Alikimbia hatua sitini akaanguka. Urho alikuja mbio aliposikia mlio mdogo ule, akampasua mwenyewe, akatia kidole upande huu na upande huu, akalitazama tundu la kutokea kwa muda mrefu. Akamburuta hadi kibandani peke yake, na ana miaka sitini na mitatu.

Lakini hilo ni la siku ya tatu. Barua yako niliisoma usiku wa kwanza, watu wakiwa mezani. Niliisoma yote, hata pale ulipomtaja Urho. Hakuna aliyeshika kijiko. Mzee Kusti hasikii siku hizi, ikabidi apigiwe kelele sikioni, akasema ndiyo, kijana aliuliza mbweha, alidhani labda anataka kuoa Mfini. Hapo wengine wakacheka, na kicheko kikakatika katikati. Urho alinyanyuka akang'oa pindo la baba ukutani. Alikuwa nalo mkononi hajui aliweke wapi. Mwisho akanipa mimi, akasema, "Miaka ishirini na tatu nimemsema mtu mzima kwa kosa ambalo si lake. Huyo Arvo akija nitamkata shati zima, na suruali." Kisha akatoka nje akakaa huko mpaka chakula kikapoa. Amri ya tundu dogo ameifuta. Hakutangaza, ila asubuhi aliniuliza nilizinunua wapi zile za greni sitini.

Ningependa niishie hapa. Siwezi, kwa sababu jana nimerudi nyumbani na mama akaniuliza kwa nini nimebeba kitambaa cha shati la baba yenu. Nikamsomea barua, naifasiri kwa Kifini mstari kwa mstari. Alisikiliza vizuri. Ulipoandika kauris alitabasamu. Ulipoandika kwamba baba aliitazama mikono yake na ukaona ameamini, alinisimamisha, akataka nirudie. Nikarudia.

Hakuamini, Arvo. Mama amesema baba alirudi nyumbani siku ile akamwambia, haukuwa mkono wangu, Saima. Mama ndiye aliyeifungia bunduki kabatini na kuuweka ufunguo kwenye aproni, sisi tulidhani ni baba mwenyewe aliyeacha. Mara tatu baba alimfuata jikoni kumwomba ule ufunguo. Kila mara alisema maneno hayo hayo, haukuwa mkono wangu, na kila mara mama alimjibu aache kiburi cha uzee. Mara ya tatu ilikuwa ile asubuhi ya kofia nyekundu. Baada ya hapo hakuomba tena, na mama anasema alifurahi kwamba hatimaye ametulia.

Hakulia. Alikaa hivi na mikono mapajani, kisha akasema, "Mimi sikumwamini mume wangu. Mwambie huyo mtoto aje anieleze mwenyewe, kwa mdomo wake. Sitaki karatasi." Sijui kama atakusamehe. Sijui hata kama ndicho anachokuitia. Nilipomuuliza alinigeuzia uso dirishani.

Ana miaka themanini na sita na kifua kibovu. Barua hii usiijibu.

Lempi